Anayegawa Maji Huchukua Mwisho

"Umesikia ya Mzee Dabaso?" Kagure aliniuliza hata kabla hajatua mtungi. "Ati anasema inzi wanatoka kwa jasho lake. Anakaa pale kichwani mwa mfereji, anajipangusa shingo, halafu anaonyesha watu: ona, huyu ametoka kwangu sasa hivi. Mama Kirimi, huyo mzee amerukwa."

Nilikuwa ninanyonyesha. Nilimtoa Kirimi ziwa moja nikampa lingine, nipate sababu ya kutomwangalia Kagure usoni. Ile hadithi ya inzi niliijua. Ni mimi niliyeitoa nje, na Kagure mwenyewe ndiye niliyempa, miezi miwili nyuma, tukichagua maharagwe kwenye ungo. Lakini ilipokuwa kwangu, mwenye inzi hakuwa Dabaso. Alikuwa Mwingereza mmoja aliyekufa miaka mia tatu iliyopita.

"Nani amekuambia?"

"Kwani nani hajasema? Burat yote inajua."

Ningeweza kumwambia pale pale, "Kagure, umechanganya, mimi ndiye nilikuambia na haikuwa hivyo." Lakini Kagure ni mtu wa kucheka, na mimi sipendi kuchekwa, na mtoto alikuwa karibu kulala. Kwa vitu vidogo kama hivyo nilinyamaza. Huo ulikuwa mwaka wa 1988, mwezi wa tano.

Mtu asiyemjua Dabaso nitamwambia hivi. Alikuwa Mborana mrefu, mkavu, mwenye ndevu chache zilizotiwa hina, na miwani iliyofungwa kwa uzi wa gunia upande mmoja. Alizaliwa huko Sericho kati ya ngamia wa baba yake. Ujana wake ulimkuta Isiolo, akifanya kazi kwa daktari wa mifugo, Mwingereza, mahali ng'ombe wanapowekwa karantini kabla ya kuuzwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika kichwa cha ng'ombe akidungwa sindano. Baadaye akajifunza kusoma namba za masikio, halafu majina ya dawa, halafu barua. Yule daktari alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia kitanda cha chuma na sanduku la vitabu.

"Kitanda kilichukuliwa siku za vita vya shifta," alikuwa akisema. "Ng'ombe wangu pia. Mke wangu pia, maana alikufa ndani ya kile kijiji serikali ilimotufungia kwa seng'enge. Vitabu hakuna aliyevitaka."

Katika vile vitabu kulikuwa na kimoja kilicholiwa na mchwa jalada lote na kurasa za mwanzo, kwa hivyo hakujua kinaitwaje wala nani alikiandika. Alimwita tu "Mwingereza wangu." Alikisoma kwa kamusi, miaka saba, kurasa mbili kwa juma. Kiingereza chake kilikuwa cha zamani sana, hata mwalimu wa shule ya Burat alikiangalia akarudisha. Mwisho wa kitabu palikuwa na kurasa chache za maisha ya aliyekiandika, zikimwita "mwandishi" tu, na hizo Dabaso alizijua kwa moyo.

Mimi niliolewa Burat mwaka wa 1984, mwaka wa ile njaa ya mahindi ya manjano. Mume wangu Ntongai alikuwa na shamba dogo chini ya mfereji, lakini mchana wote alikuwa anaendesha pikapu ya Bwana Kobia, mwenye duka la dawa za mifugo mjini. Kwa hivyo ni mimi niliyekuwa nafungua maji. Ajabu yangu ya kwanza ilikuwa hiyo: ukame ulikuwa umekausha hata matope ya mtoni, maji ya mfereji yalikuwa membamba kama mkojo wa mbuzi, na hakuna mtu aliyekuwa anapigana. Kwetu milimani, kwa maji kama yale, tungekuwa tumeshazika mtu.

"Hapa pia tulikuwa tukikatana," Fosia aliniambia. Fosia ni mjane, Msomali, shamba lake la mipapai limepakana na letu. "Mwaka wa sabini na nne mtu alikatwa mkono na panga, pale pale unaposimama. Mkono ulibebwa na maji mpaka kwa shamba la mwingine. Ndipo yule mzee akatoka na mambo yake ya kitabu."

Mambo yenyewe yalikuwa machache. La kwanza: kila Januari, mwenyekiti anagawa juma kuwa zamu ishirini na nane, kwa maana tulikuwa familia ishirini na nane. Halafu wengine wote wanachagua zamu zao kwanza, na yeye aliyegawa anachukua ile inayobaki. Akigawa vibaya, ubaya unabaki mkononi mwake. Mwaka wa kwanza Dabaso mwenyewe ndiye aliyegawa, na iliyobaki ilikuwa Ijumaa adhuhuri, saa ya sala. Walimcheka. Alikuwa anafungua maji, anakimbia msikitini na matope miguuni, anarudi mbio kufunga.

La pili: uenyekiti ni mwaka mmoja. Ukimaliza unatoka, hata kama ulifanya vizuri.

"Hata kama anapendwa, Mzee?" nilimuuliza siku moja.

"Hasa kama anapendwa. Na usifikiri hii ni ya Mwingereza peke yake. Sisi Waborana tulikuwa nayo. Mtu anaongoza miaka minane, halafu anatoka, anakabidhi. Babu yangu aliiona. Sisi wa huku Waso ndio tulitengwa na wenzetu wa kaskazini tukasahau."

"Sasa kama babu yako alijua, Mwingereza ni wa nini?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Babu yangu hakuandika," akasema. "Na watu wa siku hizi, ukiwaambia babu alisema, wanasinzia."

La tatu ndilo mimi nililolipenda. Kura ilikuwa ya njahi, ile mbegu nyeusi kama maharagwe. Kila familia inapewa njahi moja. Nyuma ya blanketi kuna vibuyu viwili vya mdomo mpana, kimoja cha huyu, kimoja cha yule. Unaingiza ngumi katika kimoja, unaitoa imefungwa, unaingiza katika cha pili, unaitoa. Njahi umeiacha mahali pamoja na Mungu peke yake ndiye anajua wapi. Ndani ya vibuyu alikuwa ameweka kitambaa ili njahi isilie ikianguka. Mimi nilikuwa na darasa la saba, kwa hivyo nilifanywa wa kuhesabu. Nilikuwa mgeni, mke wa dereva, sina hata mbuzi, lakini ngumi yangu ilikuwa sawa na ngumi ya mtu yeyote. Sijawahi tena kujisikia hivyo mahali popote.

Na la nne ndilo lililoleta taabu. Hakuna mtu kupata zamu zaidi ya mbili.

"Mwenye ardhi ndiye mwenye serikali," Dabaso alisema, "hata akikaa kimya kwa kiti cha nyuma. Mwingereza wangu aliliona hilo. Mkimwachia mtu mmoja zamu sita, mnaweza kumchagua mwingine kuwa mwenyekiti, mkampigia na makofi. Lakini asubuhi wote mtaenda kwa yule wa zamu sita kuuliza maji."

Kobia alikuwa na zamu mbili, moja yake na moja ya kukodi. Alitaka zaidi, alitaka vitunguu vya kujaza lori. Yeye ni Mmeru kama mimi, tunatoka karibu, mama yake anajuana na mama yangu. Sitamsema kwamba alikuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mchangamfu, alibeba wagonjwa wetu hospitali bila kuulizwa, na alipenda kusalimia watoto kwa majina. Mwaka wa 1987 alisimama uenyekiti. Njahi nilizihesabu kwa mikono yangu: saba kwake, ishirini na moja kwa mwenzake. Kobia akacheka, akasema, "Hizi njahi zenu, nitazipika siku moja."

Wakati huo nilikuwa na mimba ya Kirimi, na nilipenda kupumzika pale kichwani mwa mfereji, kwenye shamba la Dabaso, maji yanapoingia kwa nguvu. Hapo ndipo aliponihadithia habari ya Mwingereza wake. Kwamba zamani Waingereza walimkata mfalme wao kichwa. Kwamba huyu mtu alikuwa rafiki wa yule mfalme, alimtumikia akiwa mfungwa, akamlilia alipokufa, na bado akaandika kitabu kizima kusema nchi inaweza kuishi bila mfalme, kwa zamu na kwa kura ya siri. Kwamba miaka michache baadaye mtoto wa mfalme akarudishwa, na huyu akatiwa jela bila kushtakiwa, akapelekwa kisiwani, akapewa dawa, akatoka akiwa si yule. Alikaa juani akiangalia jasho lake, akisema inzi na nyuki wanatoka humo. Kwa mambo mengine yote akili yake ilikuwa sawa. Ila kwa inzi.

"Na kitabu?" nikauliza. "Walikifuata?"

"Nani? Wao?" Dabaso akacheka, mara moja tu, kama kikohozi. "Walikuwa na mfalme tena. Wanaye hata leo. Kitabu kimekuja kufuatwa na Burat."

Hiyo ndiyo hadithi niliyompa Kagure juu ya ungo wa maharagwe. Nilimpa kwa sababu ilikuwa nzuri. Na kwa sababu nilitaka ajue nimeambiwa mimi.

Mwaka ule wa 1988 nchi nzima ilikuwa inapiga kura ya mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna siri: unasimama nyuma ya mtu wako na jua linakuona. Uchaguzi wetu wa Januari ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya mafuriko yaliyoharibu mlango wa maji, na tulipoitwa mwezi wa tatu tulimkuta chifu amekaa kwenye kiti, na vile vibuyu vimepinduliwa kando.

"Hii mambo ya kuficha mkono ni ya watu wenye siri," chifu akasema. "Sisi wote hapa ni watu wazuri. Ama kuna mbaya? Anayetaka Kobia asimame hapa. Anayetaka huyu mama asimame pale."

Huyu mama alikuwa Fosia. Dabaso alikuwa ameshatoka zamu yake ya uenyekiti zamani, yeye alikuwa mwenye kusimama tu kama sisi. Alitembea taratibu akaenda kusimama nyuma ya Fosia. Watatu wakamfuata. Halafu hakuna mwingine.

"Foleni gani hii, fupi kama mkia wa mbuzi!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka.

"Fosia, geuka uone watu wako, hutahitaji shingo ndefu!"

"Nimewaona," Fosia akajibu bila kugeuka. "Na nyinyi nawaona vizuri zaidi."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati, Kirimi mgongoni. Ntongai alikuwa ameegemea ile pikapu. Alizungusha tu funguo kwenye kidole, akaniangalia, akaangalia mstari wa Kobia. Njahi yangu ya mwaka uliotangulia haikuwa ya Kobia. Nikaenda nikasimama nyuma ya Kobia. Mbele yangu alikuwa Kagure, na nyuma yangu akaja mwalimu wa shule, na sisi sote tuliangalia visogo vya wenzetu. Chifu akahesabu kwa fimbo, bila Kobia na Fosia wenyewe: ishirini na wawili huku, wanne kule. Watu walikuwa wale wale. Maji yalikuwa yale yale.

Dabaso hakuangalia mstari wetu. Alipangusa miwani, akaviinua vile vibuyu, akavipangusa mchanga, akaenda navyo nyumbani.

Kobia alianza kwa upole. Alipanua mlango wa maji kwa simenti yake mwenyewe. Halafu sheria ya zamu mbili ikaondolewa, kwa mlolongo tena. Kufika mwezi wa tano alikuwa na zamu tisa, za watu waliochoka au waliohitaji karo. Sisi wa chini tulianza kupata maji ya kulowesha unyayo. Na bado alikuwa na kikwazo kimoja: shamba la Dabaso, lililoko kichwani, ambalo maji yote hupita kwanza. Alimwomba amuuzie. Dabaso alikataa. Alimwomba mara ya pili, mbele ya wazee, akakataa. Hapo ndipo hadithi yangu ya inzi ilipopata kazi.

Maana katika sheria zile za Dabaso palikuwa na moja ndogo ambayo tulikuwa tumeisahau. Ilisema hivi: mtu akipoteza nguvu au akili mpaka hawezi kujitunza, zamu na shamba lake vishikwe na kamati. Yeye aliiandika kwa ajili ya vikongwe, ili jirani wamwagilie shamba lao na kuwapelekea mavuno. Kamati sasa ilikuwa ni Kobia. Chifu alisema panahitajika majirani watatu wa kushuhudia kwa karatasi kwamba mzee ana wazimu, na jambo litasomwa barazani siku ya Alhamisi.

Jumatatu Ntongai alikuja na hiyo karatasi nyumbani, ameikunja ndani ya kofia.

"Kagure ameweka kidole," akasema. "Na mimi nimeweka sahihi. Wanataka wa tatu, na wanataka wewe. Ulikuwa unakaa na yeye kila siku, ushahidi wako una uzito."

Niliisoma. Ilikuwa imepigwa taipu. *Amekuwa akiwaambia majirani kwamba inzi wanazaliwa katika jasho lake.*

"Ntongai, hii si kweli. Hii ni hadithi ya mtu mwingine. Mimi ndiye—"

"Mimi sijakuuliza kama ni kweli." Alikaa kitandani, akamchukua Kirimi, akamweka magotini. Ntongai si mtu wa kupiga mtu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kuchoka. "Nimekuuliza tutakula nini. Nikirudisha zile funguo za pikapu, tutakula nini? Kile kishamba chenye maji ya kulowesha unyayo? Mzee hana mke, hana mtoto. Atapewa chumba mjini, Kobia ameahidi. Atakuwa analetewa chakula. Wewe unamlilia nini?"

Nilitaka kusema, ninalilia maji yako wewe, mjinga. Nilisema, "Nipe mpaka kesho."

Jumanne, tarumbeta ya kambi ya jeshi ilipolia, ile tunayobadilishia zamu, nilimfunga Kirimi mgongoni nikapanda mpaka kichwani mwa mfereji. Dabaso alikuwa ndani ya maji hadi magotini, akitoa matope kwa koleo, ingawa haikuwa siku yake ya kusafisha. Maji yale yalikuwa yanakwenda kwa vitunguu vya Kobia.

"Habari ya nyumbani, Mama Kirimi."

"Nzuri, Mzee. Umeamkaje?"

"Nimeamka na akili zangu. Wanasema hazitafika Alhamisi."

Alijua. Kila mtu alijua. Nilikaa kwenye ukingo nikasema yote, haraka, kama mtu anayetapika: maharagwe, Kagure, inzi, karatasi, kidole, funguo. Nilipomaliza Kirimi alikuwa analia na mimi pia. Dabaso aliendelea kutoa matope, makoleo matatu, manne. Halafu akalisimamisha koleo.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Nilikuwa najiuliza. Sikumwambia mtu mwingine." Aligeuza viganja vyake. "Nilifikiri labda nilisema usingizini. Nilifikiri, Wallahi, labda kweli nimeanza. Siku kumi nimekuwa nikichunguza mikono yangu juani."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote, na bado linaniuma.

"Nisamehe, Mzee."

"Msamaha utanisaidia nini Alhamisi?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu. "Yule Mwingereza wangu, mimi nilikuwa nadhani walimharibu kwa ile dawa ya jela. Sasa nafikiri dawa haikuwa na haja. Ilitosha jirani watatu."

Nikamwambia habari ya chumba mjini, ati ataletewa chakula. Alitazama shamba lake: mihogo, sukuma, mistari miwili ya pilipili, na yale maji yaliyokuwa yanapita bila kuligusa.

"Mimi nimekaa ndani ya seng'enge nikiletewa chakula," akasema. "Naijua ladha yake."

Alitoka majini. Alinawa mikono, akanawa na ndevu, akakaa mbali kidogo nami kama adabu inavyotaka. Kirimi alinyamaza, akamtazama. Dabaso alimtazama naye.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Alhamisi watakapoisoma ile karatasi, nakuomba usimame uwaambie ile hadithi yote kama nilivyokupa: mfalme, jela, dawa, inzi. Uwaambie ni ya nani. Ujue utapoteza nini, sikufichi. Na kama utasimama na mdomo ukakataa kufunguka, sitakulaani, uko na mtoto. Lakini kama utaishuhudia ile karatasi, usiweke kidole gumba kama Kagure. Wewe umesoma. Chukua kalamu uandike jina lako lote, na la baba yako, polepole, nikiwa nimekaa mbele yako nakuangalia."